Lisbon kwa wikendi moja: kulifuata jua kutoka Alfama hadi kwenye dhahabu ya Kilwa

Ratiba hii ya mpiga picha imepimwa kwa katikati ya Oktoba, Ijumaa alasiri hadi Jumapili jioni. Wakati huo jua la Lisbon huchomoza kama saa 1:40 asubuhi na kuzama karibu saa 12:55 jioni, hivyo hulazimiki kuamka usiku wa manane ili uwahi mapambazuko. Adhuhuri yenyewe ni kama saa 7:20 mchana, na hata hapo jua halipandi kupita nyuzi 43. Mwezi Juni hufika nyuzi 74 na kuupiga mji utosini: kuta nyeupe zinaungua, vivuli vinajificha chini ya nyayo, na picha zote zinafanana. Saa ya Lisbon wakati huo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, tofauti inakuwa 3, na nyakati zote zilizoandikwa hapa zinasogea.

Mzigo uwe mwepesi, kwa sababu mji ni vilima vitupu. Kamera moja, lenzi ya milimita 24–70, tripodi fupi, kichujio cha polaraiza (cha kuua mng'ao), betri mbili, na kitambaa cheusi cha ukubwa wa leso (neno lenyewe tulilipata kwa hawa hawa Wareno, lenço). Lenzi ya 200 ni hiari. Itatoka begani mara moja tu, Jumapili. Cha kuzingatia zaidi ni viatu. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vya chokaa na vya basalti vilivyopangwa kwa mkono, na miguu ya watu imevisugua mpaka vikawa kama vioo. Mvua ikinyesha, au umande tu ukianguka, soli ngumu hazishiki kitu. Vaa soli ya mpira laini yenye mifereji.

Ijumaa

Uwanja wa ndege uko ndani ya mji na metro inaanzia hapo hapo, kwa hiyo hakuna haja ya teksi. Kwenye mashine nunua kadi ya navegante. Kadi tupu ni senti 50 za euro, na kila mtu awe na yake, maana kadi moja haipitishi watu wawili. Mashine itakuuliza unataka tiketi ya saa 24 au salio, ambalo wenyewe huliita zapping. Chagua salio. Linalipia metro, tramu, basi, feri ya kuvuka mto na treni ya kwenda mtaa wa Belém, wakati tiketi ya kawaida ya saa 24 ni ya metro na mabasi na tramu za mjini tu. Euro 15 zinatosha wikendi nzima. Kosa la kawaida ni kutaka kuweka vyote viwili kwenye kadi moja: kadi haichanganyi, inakataa mpaka cha kwanza kiishe, na nyuma yako foleni inaanza kuguna.

Panda laini nyekundu, badilisha Alameda kuingia laini ya kijani inayokwenda Cais do Sodré, shuka Rossio au Baixa-Chiado. Ni kama nusu saa. Stesheni ya Baixa-Chiado ina milango miwili yenye tofauti kubwa: wa Baixa unatokea bondeni, wa Chiado unakupandisha kilima kizima kwa ngazi za umeme. Hata usiposafiri kwa metro, ukumbuke huo mlango siku magoti yakichoka. Malazi tafuta Baixa, kwenye tambarare iliyo katikati ya vilima viwili. Soketi ni za pini mbili za mviringo, hivyo plagi yetu ya pini tatu za mraba inataka adapta. Umeme ni volti 230, chaja haiungui.

Jioni ya kwanza ni ya uwanja wa Praça do Comércio, ambao wenyeji bado wanauita Terreiro do Paço, kiwanja cha kasri. Kasri halipo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko liliuangusha mji, bahari ikapanda, kisha moto ukamalizia. Pamoja na kasri iliteketea Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi, na makaratasi yake. Majengo ya manjano yenye matao unayoyaona yalijengwa baada ya hapo, na mfalme José I amekaa juu ya farasi wake katikati tangu 1775.

Vuka uwanja uende majini. Cais das Colunas ni ngazi za mawe zinazozama ndani ya mto Tejo, na nguzo mbili pembeni. Tejo hapa ni mdomo wa bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti inapita mita 3. Yakijaa, ngazi za chini hupotea na nguzo husimama majini, na hiyo ndiyo picha. Yakipwa, unabaki na ngazi zenye mwani wa kijani unaoteleza kuliko sabuni. Mtu wa Bagamoyo au Lamu hafundishwi haya, ila wageni wengi wanasahau kabisa kwamba wako pwani. Soma jedwali la maji kabla hujatoka chumbani.

Kati ya saa 1:10 na 1:30 usiku anga huwa buluu nzito na taa za uwanja zimeshawaka. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, sekunde 4 hadi 8. Kwa sekunde 4 maji yanabaki na mikunjo, kwa 8 yanalainika kama maziwa. Feri za Barreiro huondoka kwenye gati la jirani upande wa mashariki, na mawimbi yake hayafiki papo hapo. Yanachelewa, unasahau, kisha yanapanda ngazi mbili tatu kwa mkupuo. Tazama jiwe kabla ya kutegesha tripodi: likiwa na unyevu, mawimbi yalishafika hapo na yatarudi.

Chakula cha usiku kina mtego mmoja. Mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini mezani bila kuagizwa. Hiyo ni couvert, na ukiigusa unailipia. Kama huitaki, sema mapema iondolewe. Hakuna anayeona ni utovu wa adabu.

Jumamosi

Toka saa 12:45 asubuhi, giza bado. Kutoka Baixa hadi miradouro ya Portas do Sol ni dakika 20 za kupanda. Huhitaji ramani: ingia Rua da Conceição, ukutane na reli za tramu, uzifuate kuelekea mashariki. Zinakupitisha mbele ya kanisa kuu, Sé, kisha Santa Luzia, na kukufikisha. Miradouro ni kibaraza cha kutazamia mji, na Lisbon inavyo vingi. Kila kimoja kina saa yake, na wanaofika saa isiyo yake ndio wanaorudi nyumbani na picha za anga jeupe juu ya mapaa meusi.

Portas do Sol ni cha alfajiri. Jua linachomoza mbele yako, kusini kidogo ya mashariki, juu ya mto. Kushoto ziko minara ya São Vicente de Fora na kuba nyeupe la Panteão. Kuba hilo ni la kanisa la Santa Engrácia, lililoanza kujengwa karne ya 17 na kukamilika 1966, hata Wareno wakapata msemo: kazi isiyokwisha ni kazi ya Santa Engrácia. Pima mwanga wa anga, si wa mapaa, na upunguze mwangaza wa picha kwa hatua moja, -1. Mapaa yatakuwa vivuli, lakini umbo lake litasoma vizuri. Anayetaka yote apige fremu tatu za -2, 0 na +2 juu ya tripodi, aziunganishe baadaye. Nafasi ya ukingoni ni chache, na saa 1:30 inakuwa imeshajaa.

Jua likishatoka usiondoke. Tramu namba 28 inakata kona hapo hapo kwenye uwazi, na mwanga wa asubuhi unaipiga ubavuni. Ni vigari vya manjano vya miaka ya 1930, vinavyotembea juu ya reli za upana wa milimita 900, nyembamba kuliko za treni zetu za mita moja. Kuivuta mbio kwenye picha, weka 1/30 ya sekunde kwenye lenzi ya 35, anza kuifuata kwa kamera ikiwa mbali, bonyeza bila kusimamisha mwili, uendelee kugeuka nayo baada ya kubonyeza. Wengi husimama mara tu kidole kikigusa, na hapo ndipo picha inapoharibika. Kwa 1/60 magurudumu yanaonekana yamesimama. Kwa 1/15 karibu kila kitu kinatikisika. Katika fremu 20 ukipata tatu safi, umefanya vizuri.

Kuipanda ni jambo jingine. Foleni ya Martim Moniz inakula saa nzima ya mwanga, na ndani mnabanana huku wachomozi wakiwa kazini. Ikibidi, ipandie mwisho wa pili, Campo de Ourique, mapema, mkoba ukiwa kifuani.

Hatua chache chini yako kuna kanisa la Santa Luzia, na kwenye ukuta wake wa nje vigae vya buluu vinavyoonyesha Terreiro do Paço kabla ya tetemeko. Kasri lile ulilolikosa jana liko hapa. Vigae vimepakwa rangi ya kung'aa, hivyo ukisimama mbele yake unapiga picha ya anga na ya tumbo lako. Sogea pembeni uvitazame kwa mshazari, zungusha polaraiza taratibu mpaka mng'ao ufe, kisha nyoosha mistari kwenye programu. Polaraiza inameza hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga. Panda ISO 400.

Chini ni mtaa wa Alfama. Jina limetoka Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto, la ukoo mmoja na hamamu yetu. Waislamu walikaa mji huu mpaka 1147, Afonso Henriques alipouteka, na vichochoro vimebaki na mpangilio wao: vyembamba, vya kupinda, kivuli mchana kutwa, vingine vimeziba mwishoni. Aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja hatapotea, au atapotea bila wasiwasi. Weka ISO 800. Nguo zilizoanikwa ni halali ya kamera. Watu walio ndani ya madirisha yao si halali mpaka uombe.

Sé usiipige sasa. Uso wake unatazama magharibi, asubuhi wote uko kivulini. Alasiri, saa 10 hivi, jawabu linageuka.

Kutoka hapo panda dakika 20 nyingine hadi Senhora do Monte, kibaraza cha juu kuliko vyote vya upande huu. Kila mtu anakwenda machweo na kupiga jua usoni. Nenda saa 4 asubuhi: jua liko nyuma yako kushoto, ngome ya São Jorge, mapaa ya Mouraria na daraja la 25 de Abril vimeangazwa mbele, na kibaraza kina nafasi. Kwa mandhari ya mji hapa panaizidi ngome yenyewe, ambayo inatoza kiingilio na haiwezi kujionyesha ukiwa ndani yake.

Mchana ni wa Baixa. Uwanja wa Rossio umetandikwa mawimbi meusi na meupe tangu 1849, na mawe hayo meupe yanaidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na chokaa inatoka kijivu kama saruji. Ongeza +0.7, jua likiwa kali hadi +1, ukitazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, isigonge ukuta wa kulia. Mitaa iliyonyooka kusini ya hapo ilichorwa upya baada ya 1755 chini ya Markizi wa Pombal, waziri wa mfalme. Ndani ya kuta zake kuna fremu ya mbao iliyofungwa kwa misalaba, gaiola, yaani kizimba, iliyobuniwa ili nyumba ikitikiswa ipinde bila kuanguka.

Magofu ya Carmo yafanye leo, kwa sababu Jumapili makumbusho yake hufungwa. Kanisa lilianza kujengwa 1389. Tetemeko liliangusha paa, na matao yakaachwa wazi chini ya anga mpaka leo. Hapa ndipo jua la mchana linafaa: matao yanachora vivuli vyake sakafuni. Ukitoka, zunguka nyuma ya kanisa utokee kwenye daraja la lifti ya Santa Justa, mnara wa chuma wa mita 45 uliofunguliwa 1902. Lifti ikiwa inafanya kazi, walio chini wanasubiri foleni ndefu wapandishwe mpaka mahali ambapo wewe umefika kwa miguu. Gari la kilima la Glória lisiwe kwenye mpango wako. Safari zake zilisimama baada ya ajali ya tarehe 3 Septemba 2025 iliyoua watu 16.

Chakula: bifana inayouzwa kila kona ni nguruwe, na supu ya caldo verde huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe hata kama jina halisemi. Samaki wa kuchoma hana maneno. Vioo vya mikahawa vina chamuça, ambayo ni sambusa iliyofika kupitia Goa na Msumbiji, na kuku wa piri-piri hahitaji mkalimani.

Saa 11:15 jioni panda feri Cais do Sodré kwenda Cacilhas, dakika kama 10. Vioo vya feri vina chumvi. Usihangaike kupiga humo, subiri gati la ng'ambo. Ukiwa hapo machweo yako magharibi nyuma ya daraja, lililofunguliwa 1966 na ambalo kati ya minara yake pana mita 1,013, na kulia Lisbon yote imegeuka waridi. Piga daraja kwanza likiwa kivuli cheusi. Jua likishazama, geukia mji: weupe wake unaendelea kushika rangi kwa dakika 10 baada ya wengine kufungasha. Rudi, nakili picha kwenye diski, na kadi ya kamera usiifute hata kama nakala imekamilika.

Jumapili

Treni ya Cais do Sodré inayosimama kila stesheni inafika Belém chini ya dakika 10. Tramu 15 inakwenda huko pia, polepole na ikiwa imejaa. Mpango huu usiuhamishie Jumatatu, maana siku hiyo monasteri na makumbusho mengi hufungwa.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa 1501 au karibu na hapo, kwa agizo la mfalme Manuel I, na fedha zake zilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, pilipili manga ikiongoza. Uso wake mrefu unatazama kusini. Kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi jua linaukwangua kutoka upande wa mashariki, na kila kamba, jani na mtakatifu aliyechongwa kwenye lango la kusini anapata kivuli chake. Ikifika saa 7 mwanga unapiga moja kwa moja na michongo inalala. Simama karibu, lenzi kwenye 50, usijaribu kuingiza jengo zima.

Jumapili asubuhi kanisani kuna misa, ngoja iishe. Ukiingia, kushoto kwako, chini ya roshani, ni kaburi la Vasco da Gama, lililochongwa karne ya 19. Huyu ndiye aliyetia nanga Mombasa na kisha Malindi Aprili 1498. Mwanga ni mdogo: ISO 3200, f/4, 1/30, kiwiko kimeegemea nguzo. Ubaoni utasoma igreja, kanisa, na hilo ndilo lililotuachia neno gereza.

Mnara wa Belém uko kama dakika 15 kwa miguu kufuata mto. Ulimalizwa karibu 1519, na hata ndani pakifungwa kwa ukarabati, uzuri wake uko nje. Upande wa magharibi, chini ya kibanda cha mlinzi, kuna kichwa cha kifaru kilicholiwa na hewa ya chumvi. Kinakumbusha kifaru aliyeletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515. Asubuhi kiko kivulini. Subiri saa 8 mchana ipite, na hapo ndipo lenzi ya 200 inapopata kazi. Muda wa kungoja unatosha kula pastéis, vikeki vya kastadi ya mayai, kwenye duka linaloziuza tangu 1837. Foleni ya barabarani ni ya wanaobeba. Wanaokaa ndani wana njia yao.

Kisha treni hadi Santos, na kupanda kidogo hadi Museu Nacional de Arte Antiga. Hapa tazama tovuti yao kabla hata ya kukata tiketi ya ndege, kwa sababu majumba ya Lisbon hufungwa kwa ukarabati, na hiki ndicho kitu ambacho msomaji wa Kiswahili hapaswi kukikosa. Ni monstransi ya Belém, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, dhahabu na enameli, urefu wa sentimita 73, iliyokamilika 1506 kwa mkono wa mfua dhahabu Gil Vicente. Dhahabu ni ya Kilwa. Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa Kisiwani na mizinga yake, akamlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, kutoa kodi. Mwaka 1505 Wareno walirudi na kuuteka mji wenyewe.

Mitume 12 wamepiga magoti katikati, kila mmoja na joho la enameli. Kwenye shina kuna tufe zenye pete, alama ya mfalme Manuel. Wengi hupiga hapo na kuondoka. Flashi na tripodi viache. Tundika kitambaa cheusi kuzunguka lenzi ili kioo kisirudishe taa za ukumbi wala shati lako, na lenzi isogee karibu na kioo bila kukigusa. ISO 1600, f/5.6. Dhahabu juu ya usuli mweusi inaidanganya kamera kinyume cha mawe ya Rossio: inaona giza, inaongeza, na dhahabu inaungua kuwa njano tupu. Punguza -1.

Halafu shuka kwenye kitako. Maandishi yanakizunguka, kwa hiyo fremu moja haiyapati yote; piga sita au nane ukizunguka kadiri kasha linavyoruhusu, kila moja ikiingiliana na mwenzake kwa theluthi. Yanasema mfalme Manuel ameagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi, parias, na mwaka umeandikwa CCCCCVI, yaani 506, elfu ikiachwa. Kabla ya mwaka, kwa herufi kubwa ambamo V inasimama badala ya U, limo jina la mahali kodi ilikotoka. Lenga hapo, QILVA.